Wastani wa Laini Ulinificha Tatizo

Kwa wiki nyingi nilikuwa nikitazama grafu ya laini ya gigabiti 1 kwa sekunde. Haikuvuka asilimia 40, lakini watumiaji walilalamika kila siku kwamba mtandao unakwama. Nikakagua ruta, nikabadilisha nyaya. Kumbe grafu ilitoa wastani wa dakika 5! Nilipopima kila milisekunde 10, niliona laini inajaa pomoni, pakiti, yaani vipande vya data, zinadondoka, kisha kimya. Seva kadhaa zilikuwa zikijibu ombi moja kwa mpigo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuongeza bafa, yaani kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu ya kutumwa. Pakiti ziliacha kupotea, ila bafa ya megabaiti 12.5 ikijaa, laini hiyo huhitaji sekunde 0.1 kuimaliza, na kila anayekuja nyuma anasubiri. Malalamiko yakazidi.

Kwa hiyo nakusihi, kabla hujanunua chochote, tengeneza modeli ya foleni, yaani hesabu ya kukadiria pakiti zitasubiri kiasi gani, hata ile nyepesi kuliko zote. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua maikrosekunde 12 kutumwa kwenye laini kama yangu. Ukijumlisha na kusubiri, modeli inakupa wastani wa maikrosekunde 24 laini ikitumika nusu, 120 ikifika asilimia 90, na 240 ikifika 95. Tazama hapo mwisho: asilimia 5 tu, na muda umekuwa maradufu.

Tena hayo ni makadirio ya upole, kwa sababu modeli hiyo huchukulia kwamba kila pakiti inafika kivyake. Utafiti wa mtafiti Leland na wenzake kuhusu trafiki (data inayopita) ya Ethernet, teknolojia ya mitandao ya nyaya, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa trafiki huja kwa mafungu, na mafungu hayo hayasawaziki upesi hata ukirefusha kipindi cha kupimia.

Halafu ikate laini kwenye modeli, moja baada ya nyingine. Laini mbili zinazogawana mzigo kwa asilimia 60 kila moja zinaonekana salama, hadi moja ikatike na mwenzake abebeshwe asilimia 120. Mara nyingi kurekebisha uzito wa njia kwenye OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuchagua njia, kunatosha, ila usiguse nyingi kwa pamoja: kila badiliko huhamisha trafiki ya watu wengine.

Ile laini yangu sikuipanua. Tulirudisha bafa ilivyokuwa, tukazipangia seva zipishane kujibu.