Jibu: Hoteli imetumia picha yangu ya jahazi bila ruhusa

Kaka, pole. Unasema ulipiga picha ya jahazi Lamu kwa shughuli zako mwenyewe, sasa hoteli imeibandika kwenye bango na ukurasa wake, na rafiki amekukatisha tamaa kwamba hukuisajili. Si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haifanyi usajili kuwa sharti. Kazi ni yako tangu ulipoipiga. Kuiandikisha KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kunakusaidia kwenye ushahidi tu.

Swali linaloamua mambo ni hili: je, hoteli iliwahi kukuagiza upige? Kwa kazi ya kuagizwa, kifungu cha 31 humpa mwagizaji hakimiliki, isipokuwa mlikubaliana vingine. Wapiga picha wengi hunaswa hapo, na inauma. Wewe hukuagizwa, kwa hiyo una nguvu. Na wakidai uliwauzia haki kwa mdomo, waulize maandishi yako wapi, maana kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi.

Usiwapigie simu kwa hasira leo, wataondoa kila kitu. Kwanza lipige picha hilo bango, barabara ionekane, na uhifadhi kurasa zao zikiwa na tarehe. Faili halisi kutoka kwenye kamera usiliguse, hata kulipunguza ukubwa. Taarifa zilizomo ndani yake ni shahidi wako. Kisha wakili aandike barua ya madai, akitaja malipo ya matumizi yote yaliyopita, siyo kuondoa picha peke yake. Wakikaidi, peleka malalamiko KECOBO au nenda mahakamani kudai fidia na zuio.