Barua kwa Mwanangu: Daktari Aliyewarudishia Watu Nyuso Zao

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na khaloo yako anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia kwamba ukimaliza mwaka wako wa mafunzo ya kazi unataka kusomea upasuaji wa plastiki, lakini wenzako wanakwambia hiyo ni kazi ya kuwapamba wenye fedha na kwamba Pemba haina haja ya daktari wa urembo. Ukaniuliza mambo mawili: ni nani aliyeijenga fani hiyo, na mimi niliyefanya uuguzi miaka mingi katika chumba cha upasuaji naionaje. Nitakujibu yote mawili kwa kukusimulia maisha ya Harold Gillies, kwa sababu naamini anayeyajua hawezi tena kuiita kazi hii mapambo.

Gillies alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Dunedin, New Zealand, akasoma Cambridge na baadaye hospitali ya St Bartholomew's mjini London, akawa bingwa wa masikio, pua na koo. Mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vilipokuwa vimepamba moto, alipelekwa Ufaransa, na huko akamwona daktari wa meno aitwaye Charles Valadier akihangaika na mataya yaliyosagwa na risasi. Kisha akaenda Paris kumtazama Hippolyte Morestin, ambaye alimwondolea mgonjwa saratani ya usoni na kuliziba pengo kwa ngozi aliyoisogeza kutoka karibu yake. Kuanzia siku ile Gillies hakutaka kazi nyingine.

Usidhani kwamba alianza na karatasi tupu. Kutengeneza pua kwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe ni elimu kongwe ya Wahindi, imo katika mafunzo ya Sushruta, mganga wao wa kale, na mwaka 1794 gazeti moja la London lilieleza jinsi mganga wa upande wa Pune, India, alivyomtengenezea pua mtu aliyekatwa yake, kwa ngozi ya kipaji cha uso. Napenda ulikumbuke hilo, kwa kuwa elimu hii ilianzia ng'ambo ya bahari yetu hii hii kabla ya kufika Ulaya. Aliloliongeza Gillies ni kuifanya fani kamili, yenye kanuni zake na hospitali yake.

Askari wa vita vile walikaa ndani ya mahandaki, mwili ukiwa chini na kichwa ndicho kinachochungulia, kwa hiyo vipande vya chuma viliwaondolea pua, taya na mashavu wakabaki hai. Januari 1916 Gillies alifunguliwa wodi ya majeruhi hao huko Aldershot, Uingereza. Julai mwaka huohuo, mapigano ya Somme yalipoanza, walikuwa wamejitayarishia wagonjwa 200, wakafika kama 2,000. Mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali maalumu huko Sidcup, ambako askari zaidi ya 5,000 walitibiwa kwa operesheni zaidi ya 11,000.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo palipo na kiini cha jibu langu. Madaktari wengi waliomtangulia waliona jeraha la uso wakaharakisha kulifunga: walivuta kingo mbili, wakashona, wakashukuru kuwa damu imekata. Lakini nyama iliyopotea haikurudishwa, na kovu kadiri linavyokauka ndivyo linavyovuta, hata mdomo ukaenda upande na jicho likashindwa kufumba. Gillies aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kwanza kila kiungo kilichobaki kirudishwe mahali pake pa asili, hata kama jeraha litaonekana kubwa zaidi kuliko mwanzo, kisha ndipo pengo lijulikane ukubwa wake na lijazwe kwa kitu cha jinsi yake: ngozi kwa ngozi, mfupa kwa mfupa, na utando wa ndani ya mdomo kwa utando.

Mimi nililielewa hilo kabla ya kulisoma popote. Khaloo yako, dada yangu, alipoungua akiwa na umri wa miaka tisa, kibatari kilipomwangukia, kidonda chake cha shingoni kiliachwa kijifunge chenyewe. Waliomtibu walisema amepona, kwa sababu hakuwa na usaha tena. Baada ya miezi michache kidevu chake kilikuwa kimeshuka karibu na kifua, mdomo wa chini umevutwa, na mate yanamtoka bila ya yeye kutaka. Msimu wa karafuu ulipofika watoto wenzake walipanda mikarafuu, naye alikaa chini akichambua vikonyo, kwa kuwa hakuweza kuinua macho kulitazama tawi. Skuli aliiacha. Harusini alikwenda akiwa amejitanda kanga mpaka puani, kisha akaacha kwenda kabisa. Hakuna aliyemwita mgonjwa, mwanangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Naomba pia uijue siku mbaya ya Gillies, kwa sababu wengi wanaomsifu huiruka. Palikuwa na rubani kijana, Henry Lumley, aliyeungua uso wote mwaka 1916. Mwaka 1918 Gillies alijaribu kumpa uso mpya kwa mara moja, kwa kipande kikubwa cha ngozi kutoka kifuani. Mwili ulikuwa dhaifu, ngozi ile ikaoza, na kijana akafariki. Gillies hakulificha. Alitambua kwamba alitaka kufanya katika siku moja jambo lililohitaji hatua nyingi, na tangu hapo akasisitiza kwamba lile linaloweza kuahirishwa kwa manufaa ya mgonjwa liahirishwe. Wapo wagonjwa wake waliofanyiwa operesheni moja baada ya nyingine kwa miaka, kila moja ikingoja iliyotangulia ipone.

Uvumbuzi wake unaojulikana zaidi ulitokea Oktoba 1917, alipokuwa akimtibu baharia Willie Vicarage, aliyeungua katika mapigano ya baharini ya Jutland. Alikuwa ameinua ulimi wa ngozi kutoka kifuani, upande mmoja ukiwa bado umeungana na mwili ili damu ipite, akaona kingo zake zinajikunja kwa ndani, kama jani la mgomba linavyojikunja juani. Akaushona ukawa kama mrija. Kwa kuwa sehemu mbichi ilikuwa imefunikwa ndani, vijidudu havikuwa na pa kuingilia, na wakati ule dawa za antibiotiki hazijapatikana bado. Mrija ule ungeweza kuhamishwa hatua kwa hatua, ncha moja ikishika mahali papya ndipo ya pili inakatwa. Haki ni kusema kwamba huko Odessa daktari Vladimir Filatov aliifikia njia hiyo mwaka 1916, na hakuna kati yao aliyekuwa na habari za mwenzake.

Wala hakufanya kazi peke yake. Daktari wa meno William Kelsey Fry alisimamia mataya. Henry Tonks, mpasuaji aliyegeuka mchoraji, alizichora nyuso kwa rangi kabla na baada ya tiba. Na kwa kuwa barakoa ya nusu kaputi hukaa palepale panapotakiwa kupasuliwa, Ivan Magill na Stanley Rowbotham waliendeleza hapo Sidcup njia ya kuipitisha dawa hiyo kwa mpira mpaka ndani ya koo la hewa. Kila ulipomwona mgonjwa wako thieta akipumua kwa mpira ule, uliona urithi wa hospitali ile.

Katika wodi za Sidcup vioo vilikatazwa. Njiani kuelekea mjini yaliwekwa mabenchi ya buluu, ili watu wa mji wajue kwamba anayekaa pale ana uso wa kutisha. Ninapolifikiria benchi lile namwona dada yangu na kanga yake.

Mwaka 1930 Gillies alipewa heshima ya Sir. Binamu yake Archibald McIndoe, aliyejifunza kwake, aliwatibu marubani walioungua katika vita vya pili, na baada ya kuona kwamba walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa na hali nzuri zaidi, akawaogesha wagonjwa wake kwa maji ya chumvi. McIndoe huyo, pamoja na mwanafunzi wake Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki. Waambie hilo wenzako. Gillies na McIndoe walifariki mwaka mmoja, 1960.

Ni kweli kwamba baada ya vita Gillies aliwapasua pia watu waliotaka urembo, na alipata riziki kwa njia hiyo. Hakuona haya, lakini alitofautisha: kumrudisha mtu katika hali ya kawaida ni jambo moja, na kutaka kuipita hali ya kawaida ni jambo jingine. Mimi nakuombea uwe katika hilo la kwanza. Huku watoto wanazaliwa na mdomo wa sungura, wengine wanaungua kwa mafuta na uji wa moto, na mara nyingi wanachokosa ni mtu wa kuwapandikiza ngozi mapema kabla kovu halijavuta.

Khaloo yako alipasuliwa akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, na daktari mgeni aliyekaa wiki mbili tu. Kovu lilikatwa, shingo ikanyooshwa, ngozi ya paja ikawekwa hapo, na mimi ndiye niliyembadilishia vitambaa. Bendeji zilipofunguliwa hakuomba kioo. Alitoka nje akasimama chini ya mkarafuu wa uani, akainua uso, akakaa hivyo muda mrefu sana bila ya kusema neno.

Siku hizi anasema kovu la chini ya sikio limeanza kumvuta tena anapogeuka kulia. Hataki kwenda kwa mtu mwingine. Utakapopata likizo, uje ulitazame wewe.

Wasalaam,
Mama yako