Avro Arrow: kasoro ilikuwa wapi?

SWALI: Nasoma uhandisi wa mitambo. Ndege ya kivita ya Kanada, Avro Arrow, ilikaribia mara mbili ya kasi ya sauti, lakini mwaka 1959 mradi ulifutwa na ndege zikakatwa vipande. Kiufundi, ilishindwa wapi?

JIBU: Ndege yenyewe haikushindwa. Kuanzia 25 Machi 1958 ziliruka Arrow tano za Mk 1 (toleo la kwanza), na kasi ya juu ikafika mara 1.98 ya kasi ya sauti. Hapo zilikuwa bado na injini za J75 kutoka Marekani, za kushikilia nafasi tu.

Hitilafu zilikuwepo, na iliyo bora kwako kuisoma ni ya magurudumu. Bawa la Arrow ni jembamba na limekaa juu ya kiwiliwili, hivyo mguu wa gurudumu ni mrefu. Ili uenee ndani ya bawa, sharti ujifupishe, ujizungushe, ndipo ukunjwe. Tarehe 11 Juni 1958, mguu wa kushoto wa RL-201, Arrow ya kwanza, ulishuka bila kumaliza mzunguko huo. Magurudumu yaligusa lami yakiwa yamekaa mshazari, ndege ikavutwa nje ya njia na miguu ikavunjika. Rubani, Janusz Żurakowski, alitoka salama. Mfumo ukarekebishwa, na ndege ikaruka tena mwaka huohuo. Hitilafu ya aina hiyo haiui mradi.

Kilichouua ni kuanza mambo manne mapya kwa mpigo: ndege, injini, rada ya kulengea na kombora. Tazama injini peke yake. Ndege ilichorwa kwa injini ya RB.106 ya Rolls-Royce, injini hiyo ikafutwa. Wakahamia J67 ya Curtiss-Wright, nayo ikafutwa. Ndipo ikategemewa Iroquois ya Orenda, kampuni ya injini ya Kanada, iliyolenga msukumo wa paundi 26,000 ikichoma mafuta ya ziada nyuma. Iroquois haikuwahi kuruka ndani ya Arrow. Kombora la Sparrow II lilikuwa limeachwa na jeshi la majini la Marekani, Kanada ikalibeba. Rada ya kulengea, Astra, ilibuniwa kuanzia sifuri na RCA, kampuni ya Marekani. Yote mawili yalitupwa Septemba 1958, fedha zikiwa zimeshakwenda.

Tena hapakuwa na ndege ya mfano iliyoundwa kwa mkono. Viunzi vya uzalishaji (fremu za kushikilia sehemu za ndege zinapounganishwa kiwandani) vilijengwa tangu mwanzo ili kuokoa muda. Njia hiyo inafaa pale tu vipimo vimetulia. Kila injini au rada ikibadilika, unagusa viunzi na michoro yote inayohusika. Kwa maoni yangu hapa ndipo gharama ilipoponyoka.

Wakati huohuo hitaji likapungua. Arrow ilitolewa hadharani Malton, kwenye kiwanda cha Avro, tarehe 4 Oktoba 1957, siku ileile Wasovieti waliporusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, na hofu ikaanza kuhama kutoka ndege za mabomu, ambazo Arrow iliundwa kuzizuia, kwenda makombora. Idadi iliyopangwa ikashuka kutoka mamia hadi takriban 100, na mnunuzi wa nje hakupatikana. Gharama ya maendeleo ikagawanywa kwa ndege chache.

Waziri Mkuu Diefenbaker alitangaza kuufuta tarehe 20 Februari 1959. Kampuni ya Avro, mtengenezaji wake, ikapunguza zaidi ya wafanyakazi 14,000 mara moja. RL-206, iliyokaribia kukamilika ikiwa na Iroquois, ilikatwa pamoja na nyingine. Pua yake ipo kwenye makumbusho ya anga, Ottawa.