Maswali ya Afya: Arosto ya siku ya tatu na kahawa ya kijiweni

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni fundi seremala, miaka 41, naishi Ngamiani hapa Tanga. Navuta pakiti moja kwa siku, na ya kwanza naiwasha hata sijanawa uso. Nimeshajaribu kuacha zaidi ya mara moja, ila nikifika siku ya tatu nashindwa, tena pale pale: kijiweni, baada ya Isha, kikombe cha kahawa mkononi. Mama mkwe anasema nitafune karafuu. Sokoni kuna bwana anauza unga, eti unakata hamu kwa siku saba. Nifuate lipi?
Fundi, Ngamiani

JIBU: Waalaikum salaam, fundi. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayokufanya uizoee, haikai sana kwenye damu. Kila saa mbili hivi hupungua kwa nusu, na siku ya pili au ya tatu inakuwa imekwisha. Ubongo uliozoea kulishwa tangu alfajiri unaanza kudai chake: hasira za bure, kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu. Kilele cha arosto ni hizo siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo inashuka, na kwa watu wengi inakuwa imetulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Yaani kila uliposhindwa, ulishindwa mlima ukiwa umeshakwisha.

Sasa hiyo kahawa. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liondoe kafeini mwilini haraka kuliko kawaida, ndiyo maana mvutaji anamaliza vikombe vinne vya kahawa chungu na bado analala fofofo. Ukiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake ndani ya siku chache. Vikombe ni vile vile vinne, lakini sasa kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Moyo unakwenda mbio, vidole vinatetemeka, unakesha. Unadhani yote ni arosto, unakimbilia sigara, kumbe sehemu ya tabu hiyo imetoka kwenye birika. Wiki ya kwanza kata kahawa kwa nusu, na ya baada ya Magharibi iache kabisa. Mwambie muuza kahawa akuwekee chai ya tangawizi. Kashata kula tu.

Kijiwe usikihame. Anayejifungia ndani mara nyingi huishia kuvutia chooni. Kaa upande ambao moshi wa wenzako hauelekei, na uwaambie mapema, mbele ya watu wawili watatu: "Nikiomba, msinipe." Ukimwambia mmoja tu, siku hiyo hatakuwepo. Hamu ikipanda, tazama saa. Kwa kawaida haizidi dakika tatu hadi tano kabla ya kulegea. Inuka, tembea hadi barabara ya pili na urudi, kunywa maji kwa mafundo madogo. Utashi unautumia kwa dakika hizo tu, ingawa siku za mwanzo utauhitaji mara nyingi.

Panga siku ndani ya wiki mbili zijazo, isiyogongana na harusi, msiba wala kazi ya mteja mwenye haraka. Usiku wa kuamkia, toa kila kitu: pakiti, kiberiti, kisahani cha majivu, na shati la kazi lifuliwe maana linanuka. Usiingie kwenye mtego wa kupunguza kwa kununua moja moja dukani. Anayepunguza huvuta kila sigara kwa nguvu na kuimaliza hadi kishungi, kwa hiyo nikotini anayopata haipungui kwa kiasi anachodhani.

Karafuu ya mama mkwe ina kazi yake, mradi ujue kazi yenyewe. Haiondoi nikotini wala haizibi pengo lake. Inatia ganzi kidogo, inaharibu ladha ya sigara na kuupa mdomo shughuli. Weka punje moja shavuni, tatu au nne kwa siku zinatosha; ukizidisha inachubua fizi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa usiyaweke mdomoni, na usiichome karafuu uvute, maana moshi ni moshi. Kijiti cha mdalasini kinafaa kwa vidole vilivyozoea kushika kitu.

Unga wa sokoni achana nao, kwa sababu anayeuza hakuambii kilichomo. Kama unataka dawa itokanayo na mmea, ipo iliyopimwa: saitisini, inayotoka kwenye mbegu za mti uitwao laburnum. Bulgaria wameitumia tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliitaja kati ya dawa linazopendekeza. Hutolewa kama vidonge vyenye kipimo. Mbegu zenyewe ni sumu.

Kwa mtu anayewasha sigara ndani ya nusu saa ya kuamka, sisi tungeanza na bigijii ya nikotini ya miligramu 4 (ya miligramu 2 ni ya anayechelewa). Ulizia famasia kubwa za mjini au hospitali ya Bombo. Duka dogo la dawa usilitegemee. Haitafunwi kama bigijii ya dukani. Tafuna taratibu hadi usikie mwasho kama wa pilipili, iegeshe kati ya shavu na fizi, mwasho ukiisha tafuna tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Wiki sita za mwanzo tumia moja kila saa moja au mbili, usizidi 24 kwa siku. Wanaolalamika kwamba inawapa kwikwi na kiungulia wameitafuna mfululizo, nikotini ikateremka tumboni. Wanaosema haifanyi kazi, waulize walikunywa nini. Kahawa, soda, juisi au maji ya ndimu ndani ya dakika 15 kabla yake huacha tindikali mdomoni, na nikotini haipenyi. Kwa hiyo ndimu na bigijii visikutane. Mwenye ugonjwa wa moyo, au mama mjamzito, amwone daktari kwanza.

SWALI: Mume wangu ni mvuvi hapa Bagamoyo. Anataka kuacha sigara Ramadhani ijayo, lakini akikosa sigara nyumba haikaliki. Nimsaidieje bila ugomvi?
Mama wawili, Bagamoyo

JIBU: Mchana wa saumu si tatizo, dada; hatari ni ile sigara ya baada ya tende. Mpangie futari isiyo na mwanya: tende, maji, swala, kisha chakula, halafu watoto wamzunguke. Bigijii inafunguza, kwa hiyo aitumie kati ya Magharibi na daku tu. Kuhusu bandiko la nikotini la kwenye ngozi, amuulize imamu wake. Baharini usiku abebe vipande vya miwa, karanga na maji. Usimpekue mifuko. Akiteleza na moja, muulize alikuwa wapi na nani, mjue pa kuziba; ukimwambia "nilijua tu", atamaliza pakiti. Hasira zake za wiki ya kwanza zichukulie kama homa.

SWALI: Nafanya kazi kwenye vumbi la saruji Pongwe na nimeacha sigara mwezi wa pili sasa. Je, maziwa yanasafisha mapafu? Mbona nakohoa kuliko zamani? Na ugoro kidogo una ubaya?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Maziwa yanakwenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Kunywa kwa kuwa ni chakula, lakini kinachozuia vumbi ni barakoa inayobana pua na mdomo. Kikohozi baada ya kuacha ni cha kawaida: vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelemazwa na moshi vimeanza tena kusukuma makohozi nje. Hata hivyo, kikohozi kikipita wiki mbili, usikae ukikisia; nenda ukapime makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukiona homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu, nenda leo. Kama unatumia aminofilini kwa pumu, mwambie daktari kwamba umeacha sigara, kwani dozi ile ile sasa inaweza kukuzidi. Ugoro, na hata tambuu yenye tumbaku, ni nikotini ile ile iliyopitia mlango mwingine, tena huleta saratani ya kinywa.