Jioni za Jumamosi katika makumbusho ya wanyama wa jangwani, Tucson: jibu kwa mama aliyeuliza kama inafaa kwenda na watoto

Dada yangu, umeeleza kwamba mmehamia Tucson, Arizona, hapa Marekani, mwaka huu mkitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwamba una watoto watatu ambao hawana pa kwenda tangu shule zifungwe, na kwamba jirani yako amekushauri uwapeleke Arizona-Sonora Desert Museum katika zile Jumamosi za majira ya joto ambazo milango hubaki wazi hadi usiku. Unasita kwa mambo mawili: hofu ya nyoka na nge, na shaka kama kuna maana ya kulipa kiingilio ili kutazama wanyama gizani, mahali ambapo pengine hataona kitu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Dodoma, na nimeishi hapa miaka kadhaa. Nimekwenda kwenye jioni hizo na familia yangu na pia na watoto wa majirani zetu Wakongo na Warundi. Jibu langu ni kwamba uende, na uende kwa ajili ya giza lenyewe, kwa sababu anayefika saa kumi jioni na kuondoka jua linapozama amelipa kiingilio kwa ajili ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Kwanza ufahamu ni mahali pa namna gani, maana neno makumbusho linaweza kukupa picha ya vyumba vyenye makabati ya vioo. Hapa sehemu kubwa kabisa iko nje. Palifunguliwa mwaka 1952 na William Carr pamoja na Arthur Pack, magharibi ya mji, nyuma ya safu ya milima ya Tucson, na walichokusudia ni kuwaonyesha watu jangwa la Sonora katika jangwa lenyewe: mimea, mawe, ndege, samaki na wanyama wa eneo hili tu. Usiwaahidi watoto simba wala tembo. Eneo lote ni ekari 98, ingawa njia za wageni hupita katika sehemu yake tu, na hata hizo ukizifuata zote utakuwa umetembea zaidi ya kilomita tatu. Kwa mtoto mdogo hiyo ni safari, hivyo usijaribu kuzimaliza.

Sababu ya kufungua usiku si kuwapendeza wageni peke yake. Mwezi wa Juni joto la mchana hapa hupita nyuzi 38 mara kwa mara, na tarehe 26 Juni 1990 lilifika 47. Katika hali hiyo mnyama mwenye akili hujificha. Panya kangaruu, kwa mfano, hukaa ndani ya shimo mchana kutwa na hutoka usiku kutafuta mbegu. Anaweza kuishi bila kunywa maji hata kidogo, kwa kuwa mwili wake hutengeneza maji kutokana na mbegu anazokula, na figo zake hubana mkojo mpaka ukawa mzito sana. Mgeni wa mchana hulisoma hilo kwenye kibao, kisha akamwona panya amejikunja kama donge la uzi. Wa usiku humwona akirukaruka. Ndivyo ilivyo kwa wengi wa viumbe wa jangwa hili, na ndiyo maana mimi huona kwamba programu ya usiku inaeleza jangwa kwa haki zaidi kuliko ile ya mchana.

Ningekushauri ufike kama saa moja kabla ya jua kuzama. Arizona haibadilishi saa kama majimbo mengine mengi, kwa hiyo katikati ya Juni jua huzama yapata saa moja na nusu, na mwishoni mwa Agosti huzama kabla ya saa moja. Muda huo wa mwanga utumie kwa vile ambavyo gizani havionekani, na kimoja ambacho ningependa watoto wetu wakione ni mpungate, mmea wa miiba. Hapa uko kwao. Ndiyo jamaa ya ile mipungate inayowasumbua wafugaji wa Laikipia nchini Kenya, ambako ililetwa na wageni, ikasambaa na kuijeruhi mifugo midomo. Angalia kwenye majani yake mapana utaona vitu vyeupe kama pamba. Humo mna wadudu wadogo wa kochinili, na ukimponda mmoja kidole hugeuka chekundu kabisa. Rangi hiyo iliuzwa na Wahispania kote Ulaya kwa karne kadhaa, na wadudu wa jamii hiyo ndio waliopelekwa Laikipia ili waule na kuudhoofisha mpungate. Watoto wa jirani yangu hawakuyajali sana hayo ya Ulaya, lakini ile rangi walirudi nayo mikononi hadi nyumbani.

Giza likiingia, tafuteni nge. Najua unavyowaogopa, na una haki, kwa kuwa katika jangwa hili wako nge wa magome, wembamba, wenye rangi ya majani makavu, ambao sumu yao inaweza kumpeleka mtoto mdogo hospitalini. Hiyo kwangu ndiyo hoja ya kwenda, kwa sababu nge hao hawaishi makumbusho tu. Wanaishi pia kwenye kuta za nyumba tunazopanga. Chini ya mwanga wa urujuanimno (ultraviolet, au UV) ngozi ngumu ya nge hung'aa kijani cha samawati, mng'ao mkali kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano humwona akiwa hatua kadhaa mbali. Katika jioni nilizohudhuria wahudumu wa kujitolea walikuwa na tochi za aina hiyo na waliwaongoza watoto wakikagua mawe na magogo kandokando ya njia, huku wakiwakataza kugusa chochote. Nge aliyetoka kujivua ngozi hang'ai mpaka ngozi mpya ikakauka, na jambo hilo mwanangu alilipenda kuliko mengine yote, ingawa mpaka leo sijui lilimgusa wapi. Baada ya jioni ile nilinunua tochi yetu, ambayo bei yake si kubwa, na sasa kabla ya kulala tunamulika kuta za uani na pembe za bafu. Hata nge wa Dodoma hung'aa vivyo hivyo. Ni vile tu hatukuwa na tochi.

Juu ya popo na bundi nataka kusema kwa uangalifu, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambamo bundi akilia juu ya paa wakubwa hunyamaza na kutazamana. Bibi mmoja Mrundi niliyekwenda naye alikataa kabisa kukaribia mahali alipokuwa bundi, na sikumshurutisha, wala wewe usimshurutishe mtu. Kwa popo, hata hivyo, alikaa akasikiliza hadi mwisho. Ule mpungate mrefu kama nguzo mnaouona kila mahali hapa, saguaro, hufungua maua yake usiku, hasa mwezi Mei na mwanzo wa Juni, na kila ua hufunga siku inayofuata. Miongoni mwa wanaolitembelea ni popo wenye pua ndefu wanaohama kutoka Mexico, ambao hunywa mbochi, yaani maji matamu ya ua, na kuondoka na chavua vichwani. Kukicha huja nyuki na njiwa wenye mabawa meupe. Mbuyu wa kwetu nao hufungua maua usiku na popo huyajia, na bibi yule ndiye aliyelitaja hilo kabla mhudumu hajamaliza kueleza, nami nikamtafsiria, mhudumu akaliandika kwenye kitabu chake. Popo hawa waliwekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini nchini Marekani mwaka 1988 na wakaondolewa mwaka 2018 baada ya idadi yao kupanda tena. Mwishoni mwa Agosti unaweza kujua kwamba wamepita mtaani kwenu ukiona vyombo vya maji ya sukari, ambavyo watu huwatundikia ndege wa kolibri, vimekauka usiku mmoja.

Nyoka hawazururi makumbusho kwa ruhusa ya wenyewe. Wale wa maonyesho wako nyuma ya vioo, na kwenye njia kuna wahudumu wanaozikagua. Pamoja na hayo, hili ni jangwa halisi na nyoka wa njuga huishi humo, naye hutembea zaidi usiku majira ya joto; sheria ni ileile ya nyumbani, mtu haweki mguu wala mkono mahali asipopaona. Mtoto abaki katikati ya njia na avae viatu vya kufunika vidole. Anayetaka kujua nyoka huyu huwindaje gizani ataelezwa juu ya vishimo viwili vilivyo kati ya macho na pua, ambavyo huhisi joto la panya hata pasipo mwanga wowote. Kwa wazee mlio nao nyumbani, waonyesheni mjusi mnene mwenye madoa ya rangi ya chungwa na nyeusi anayeitwa Gila. Ana sumu, na utafiti juu ya sumu hiyo ndio ulioleta dawa ya kisukari ya exenatide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mjomba wangu, mgonjwa wa kisukari ambaye alikuwa amelalamika njia nzima kwamba ameletwa kutazama mijusi, alisimama mbele ya kioo kile muda mrefu kuliko watoto.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo lina uzito kuliko la nyoka, ni mwezi gani uende. Juni hewa ni kavu, anga ni safi, nyota ni nyingi, na joto hushuka upesi baada ya jua kuzama, ingawa saa mbili usiku bado utatokwa jasho. Usimwamini anayekuambia kuna ubaridi. Mwishoni mwa Juni matunda ya saguaro huiva, na Watohono O'odham, wenyeji wa nchi hii, huyaangua kwa fito ndefu wanazotengeneza kutokana na mbavu za saguaro aliyekauka, kisha huyapika kuwa asali nyekundu na pombe ya sherehe ya kuomba mvua. Mvua yenyewe huanza kwa kawaida mwanzoni mwa Julai. Kuanzia hapo kila kitu hubadilika: hewa huwa na unyevu, radi huweza kuikatiza jioni nzima, wadudu huwa wengi kupindukia, na vyura waliokaa chini ya ardhi karibu mwaka mzima hutoka usiku uleule wa mvua ya kwanza kubwa, wakalia kwa kelele za kutisha, wakataga mayai kwenye madimbwi, na viluwiluwi vyao huweza kuwa vyura kamili katika siku 9 au zaidi kidogo kabla dimbwi halijakauka. Yule chura mkubwa wa Sonora asiguswe kabisa. Ngozi yake ina sumu inayoweza kumuua mbwa. Kwa watoto wako, kama mdogo kabisa bado anabebwa, mimi ningechagua Juni. Wakiwa wote wanatembea wenyewe, ningesubiri Agosti, kwa sababu jangwa lililonyeshewa lina uhai ambao Juni haina, na ukikosa usiku mmoja kwa sababu ya radi, Jumamosi nyingine ipo. Kila Jumamosi aghalabu huwa na jambo lake, mara popo, mara wadudu, mara nyota na darubini. Angalia tovuti yao kabla ya kutoka, pamoja na saa na bei, kwa kuwa hubadilika mwaka hadi mwaka.

Juu ya nyota nikuongezee neno moja. Mji wa Tucson una sheria ya taa za nje tangu mwaka 1972, iliyotungwa ili kuwalinda wanaastronomia wa kituo cha kutazamia nyota cha Kitt Peak, na makumbusho yenyewe yamekingwa na milima dhidi ya mwanga wa mji. Mtoto aliyetoka Nyarugusu hatashangazwa na nyota kama mtoto wa mji mkubwa kama Phoenix. Wa kwangu, aliyezaliwa hapa mjini, alidhani Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, ni wingu.

Kuhusu usafiri, basi la mji halifiki huko. Mtahitaji gari, na kama hamjapata la kwenu, unganeni na familia nyingine, kwani safari ya teksi ya kurudi saa tatu usiku kutoka mahali pale ni ghali na dereva hapatikani kwa urahisi. Barabara ya Gates Pass ni fupi na inapendeza jua linapozama, lakini ni nyembamba, ina kona kali na haina taa, kwa hiyo mtu aliyejifunza kuendesha karibuni apite Ajo Way na kuingia Kinney Road. Kila mtu awe na chupa yake ya maji. Walaze watoto mchana. Bebeni kitana: mwiba wa cholla, jamaa mwingine wa mpungate, ukimng'ang'ania mtoto, hautolewi kwa vidole, bali hupenyezwa kitana kati yake na ngozi ukasukumwa kwa nguvu mbali na mwili. Maelezo hutolewa kwa Kiingereza na nimewahi kusikia Kihispania pia. Mtoto wako mkubwa akikaa mbele na kuwatafsiria wadogo, wahudumu husubiri bila kukasirika.

Mkienda Julai au Agosti na mvua ikanyesha mkiwa ndani, msiharakishe kuondoka mara tu inapokatika. Makorongo ya hapa huwa makavu karibu mwaka mzima, kisha hujaa ghafla kwa maji ya mvua iliyonyesha milimani, na barabara hukatwa na maji yanayoonekana kuwa ya kifundoni tu. Mkikuta kizuizi barabarani msikizunguke. Arizona ina sheria inayomruhusu mwenye kuokoa kumdai gharama dereva aliyepita kizuizi akakwama majini. Kaeni maegeshoni nusu saa, watoto wasikilize vyura, kisha mrudi kwa njia ya Ajo.