Maswali Yenu: Dodoso la ujasiri kwa vijana

SWALI: Nina dodoso la Kiingereza la kupima ujasiri, sentensi 12, lililotungwa Marekani. Nataka kulitumia kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 17. Je, kulitafsiri kunatosha?
Mshauri nasaha, Iringa

JIBU: Hakutoshi. Omba ruhusa ya mtunzi, kisha watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake. Mtu wa tatu, asiyeliona la awali, alirudishe kwenye Kiingereza. Tafsiri zinapopishana, au Kiingereza kilichorudishwa kikitofautiana na cha awali, ndipo pa kukaa na kurekebisha.

Ugumu hasa uko kwenye maana. "Namwambia mwalimu amekosea" ni ujasiri kwa mtunzi, lakini binti wa Kilolo anaweza kuiona ujeuri, akakataa ilhali ni jasiri kweli. Hapo umepima adabu! Badilisha tukio, kiini kibaki: "Namtetea mwenzangu anayeonewa hata nikiwa peke yangu."

Sasa kaa na wanafunzi 8 hadi 10, mmoja mmoja, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyoelewa. Ukanushi huvuruga sana: "Siogopi kukosea", ikijibiwa "sikubali", inamaanisha nini? Andika "Naogopa kukosea", halafu, kama majibu ni ya alama 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), geuza alama unapojumlisha: 1 iwe 5, 2 iwe 4, na kinyume chake.

Jaribio lihusishe wanafunzi wasiopungua 120, yaani 10 kwa kila sentensi, kwa idhini ya wazazi na ridhaa yao wenyewe. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi majibu ya sentensi zote yanavyoendana, ikishuka chini ya 0.70, usikimbilie kufuta sentensi. Angalia kwanza kama kuna alama uliyosahau kugeuza.