Usiahidi Usiri Kabla Hujasikiliza

Nilipoanza kazi ya ustawi wa jamii nilikuwa tayari na vyeti viwili vya mafunzo ya maadili, na swali lolote la darasani kuhusu usiri wa mteja ningelijibu bila kusita. Kisha akaja ofisini binti wa miaka 14 (baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike), akakaa ukingoni mwa kiti huku akivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta, akaniuliza kama nitamwambia mtu. Ilikuwa jioni, nimechoka, na nilitamani apate nafuu upesi. Nikamjibu, "Hapana, mwanangu, yatabaki kati yetu."

Aliyonieleza yalimhusu ndugu wa karibu aliyekuwa akimdhuru, na sheria haikuniachia nafasi ya kunyamaza, wala mimi mwenyewe nisingekubali kunyamaza. Nilitoa taarifa siku ileile. Nilipomweleza, aliuachia ule uzi, akanitazama kwa muda mrefu, na kwa miezi iliyofuata hakukubali kuzungumza na mtu isipokuwa mwenzangu. Bado naamini kwamba kutoa taarifa kulikuwa sahihi. Kosa langu ni ile ahadi.

Tamko la Kimataifa la Kanuni za Maadili ya Ustawi wa Jamii la mwaka 2018 lina kanuni 9, na ile ya usiri inaeleza kwamba haki hiyo ina mipaka pale penye hatari ya mtu kujidhuru au kudhuru wengine, au pale sheria inapoweka masharti, na kwamba wahusika wanapaswa kuelezwa mipaka hiyo. Nami nilikuwa nimefundishwa jambo hilohilo. Lakini sikuwahi hata mara moja kulitamka mbele ya mtu, na mbele ya mtoto anayetetemeka ulimi husema kile ulichozoea kusema.

Ndiyo maana nakushauri uchague mafunzo yatakayokulazimisha kuzungumza. Miaka kadhaa baadaye mkufunzi mmoja alitupanga wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake mipaka ya usiri kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Nilianza na "wajibu wa kisheria", na mwenzangu, aliyekuwa ameshika nafasi ya mtoto wa miaka 8, akatikisa kichwa. Baada ya kurudia mara nyingi nikapata maneno ninayoyatumia hadi leo kabla ya mazungumzo yoyote: "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Lakini ukiniambia kwamba kuna mtu anakuumiza, au kwamba unataka kujiumiza, itabidi nimwambie mtu anayeweza kutusaidia, na wewe nitakueleza kwanza ni nani." Wapo wanaohofu kwamba maneno haya yatamfunga mtoto mdomo. Wengine hunyamaza kweli, hurudi baada ya wiki, na huzungumza wakijua wanachokifanya.

Jambo la pili ni kwenda darasani na shauri la mteja wako mwenyewe ambalo bado linakukosesha usingizi. Mifano ya rushwa na wizi ni myepesi, kwa kuwa kila mtu anajua jibu. Ugumu uko pale kanuni mbili njema zinapogongana, kama kwa mzee mwenye akili timamu anayekataa kuondoka katika nyumba inayokaribia kumwangukia, ambapo haki yake ya kujiamulia, iliyomo katika tamko lilelile, inakinzana na wajibu wako wa kumlinda. Unapolisimulia shauri hilo, kuficha jina hakutoshi. Badilisha pia umri, kazi na mpangilio wa familia, maana katika ukumbi wa watu 30 huenda yupo anayemfahamu.

Masuala ya simu na mitandao ya kijamii yasikupite, hasa ikiwa ulihitimu zamani: chama cha taaluma hii nchini Marekani kilirekebisha kanuni zake mwaka 2017 kwa sababu hiyo.

Ukirudi kazini, omba muda na msimamizi wako ndani ya wiki mbili, na umwombe mapema kwamba kikao hicho kisiwe cha kuhesabu majalada. Mweleze uamuzi mmoja ambao sasa ungeufanya tofauti. Asipokuwa na nafasi, mtafute mwenzako mmoja unayemwamini, mkae nusu saa kila mwezi, na mmoja wenu aanze kwa kutamka kwa sauti yale maneno anayomwambia mteja kabla hajamuuliza swali la kwanza.